Zamu ya Ngazi

Hospitali ilimwona si mgonjwa, na kwa sheria ya makazi hakuwa mzima. Kwa hiyo mama wa watu alikuwa ameketi juu ya furushi la nguo chafu kwenye ua wa kufulia, akisubiri mtu aamue yeye ni nani, alale wapi.

Ua ule ndipo mke wa mwanawe alipofanyia kazi. Alikuwa dobi, na mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Mama mwenyewe alikuwa amepika katika shule ya msingi hadi nywele zikageuka nyeupe, na kwa kuwa upawa haukumtoka mkononi, watoto walimwita Upawa. Walipanga mstari wakamnyooshea sahani, wakala, wakarudi tena mbio wakipiga kelele, "Ongeza!" Naye aliongeza, maana hakuwa mkono wa birika, ila aliongeza huku akiwasema. Kiharusi kilipompitia mwaka uliotangulia kilichukua mkono wa kulia na sehemu kubwa ya mguu wa upande huohuo. Mdomo kilimwachia. Mkwewe husema kilikosea kuchagua, na wa kwanza kucheka ni Upawa mwenyewe.

Nyumba waliyopanga ilikuwa imevunjwa kupisha barabara, wakabaki hawana mbele wala nyuma. Walikuwa wakilala katika nyumba ambayo mume alikuwa akiipaka rangi, nyumba yenye kuta safi isiyo na mlango hata mmoja, na harufu ya rangi ilimkohoza Upawa mchana na usiku. Sasa rangi ilikuwa inakaribia kwisha na mwenye nyumba alikuwa anahamia. Dada wa mpaka rangi alikwisha kusema chumba chake hakina nafasi hata ya kusimama. Yalibaki makazi ya wasio na makao, na dobi ndiye aliyetangulia kwenda kuuliza.

Lilikuwa jengo la ghorofa moja, zamani lilikuwa ghala. Wanaume walilala chini, ng'ambo ya ua. Wanawake walilala juu, ili mlango mmoja ukifungwa wote wawe salama. Vyoo vilikuwa uani. Mezani, hapohapo uani karibu na ngazi, alikaa Matroni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na funguo nyingi kiunoni.

"Mko wangapi?" aliuliza.

"Watatu. Mimi, mume wangu na mama yake."

"Mumeo atakuwa upande ule. Wewe na mama mtakaa juu. Mama ni mtu mzima sana?"

"Amekula chumvi kidogo."

"Anatembea?"

Dobi alizitazama zile ngazi. Zilikuwa za saruji, nyembamba, zimelika katikati, na upande mmoja hazikuwa na cha kushika.

"Anatembea kunishinda mimi," alisema.

"Nakuuliza kwa sababu hatupokei mtu asiyejiweza, dada. Sina mhudumu. Mtu wa hivyo namwelekeza hospitali."

"Na hospitali wakisema si mgonjwa?"

Matroni alipandisha mabega, akayaacha yashuke yenyewe. "Hapo sasa. Lakini wako si anatembea?"

"Anatembea."

"Basi mlete kesho. Atapita getini, aje hapa mezani, apande. Nikiona amepanda, yamekwisha."

Dobi alishukuru, akatoka. Njiani alikuwa akijitukana kimoyomoyo.

&nbsp;

"Umesema natembea kukushinda?" Upawa aliuliza.

"Ulimi uliteleza, Mama."

"Umeteleza mpaka ghorofani."

Mpaka rangi alikuwa ameacha kazi mapema, rangi nyeupe imemkauka kwenye kope. Alichuchumaa mbele ya mama yake. "Mama, mimi na wewe tutafute kibaraza cha duka. Yeye aingie ndani peke yake. Siku mbili tatu tu."

"Kibaraza gani, na mvua hizi?" mkewe alidakia. "Na akitaka kwenda haja utamshika wewe? Mtoto wa kiume?"

Mpaka rangi aliona haya. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe tangu kiharusi, na hakuna siku aliyosikia akiilalamikia. Akageukia kitu alichokiweza: alichukua kipande cha chaki akachora mstari sakafuni, kutoka kwenye karo mpaka chini ya kamba za kuanikia.

"Pita hapa, Mama. Bila fimbo."

Fimbo ya Upawa ilikuwa mpini wa dekio la zamani. Alimkabidhi mkwewe, akapiga hatua moja, akapiga ya pili, kisha akaudaka ukingo wa shuka lililoanikwa na kuning'inia nalo. Shuka lilichomoka kwenye vibanio, likamfunika. Mkwewe aliruka akamdaka kabla hajafika chini. Wote watatu walicheka, lakini Upawa alipotoa kichwa nje ya shuka alikuwa na machozi, na hakuna aliyejifanya ni ya kicheko.

"Nirudishie mti wangu," alisema.

Dobi alimpa. Alimtazama namna anavyouegemea ule mpini, mkono wa kushoto juu, kidevu karibu kuugusa, na ndipo akakumbuka kitu. Alipokuwa mezani kwa Matroni alimwona mlinzi akigawa zamu. Kila jioni kuna wanaopiga deki, wanaoosha vyombo, na mmoja wa kufagia ngazi.

"Wenye zamu huingia kabla ya foleni," alisema taratibu. "Na wa ngazi hupewa ufagio. Ule wa mpini mrefu."

Mumewe alimtazama. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nani atamuuliza mfagiaji kwa nini ameshika mti? Nani atamuuliza kwa nini anapanda polepole?"

Upawa aliugeuza mpini, akaanza kukwangua sakafu kwa ncha yake, kushoto na kulia, mguu mbovu ukifuata nyuma. Alifika kwenye kamba. Akageuka, akarudi hadi kwenye karo.

"Mwanangu," alimwambia mke wa mwanawe, "wewe ungefika mbali kama ungezaliwa mwizi."

&nbsp;

Kesho yake walifika geti halijafunguliwa kwa wengine. Mlinzi, mwanamume mrefu ndani ya koti kubwa kuliko yeye, alikuwa akipanga ndoo.

"Ngazi nani?"

"Mama yangu huyu," dobi alisema.

Mlinzi alimtazama Upawa aliyekuwa ameegemea nguzo. "Bibi huyu?"

"Lete ufagio, mwanangu," Upawa alisema. "Usinikague kama nyanya."

Mlinzi alicheka, akampa. Mkono wa kulia ulikuwa umefichwa ndani ya mtandio. Kwa mkono wa kushoto Upawa aliusukuma ufagio, akauvuta, akauegemea, akausukuma tena, na vumbi lilipanda kiasi cha kutosha kuficha mguu. Mkwewe alitembea pembeni yake akiwa na mablanketi yote mawili kichwani, anazungumza habari za sabuni bila kusikia mwenyewe anachosema. Nyuma yao, nje ya geti, mpaka rangi alikuwa ameshika nondo za geti kwa mikono miwili.

Matroni alinyanyuka kwenye kiti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hata hujapumzika, umeshaanza kazi?"

"Nikiona uchafu, mikono inaniwasha," Upawa alijibu. Ulikuwa uongo nusu, maana mkono mmoja haukuwa umemwasha tangu mwaka jana.

Akafika kwenye ngazi. Aliuweka ufagio juu ya ngazi ya kwanza, akafagia kidogo kwa ajili ya macho ya watu, akapandisha mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia. Kisha ya pili. Jasho lilimtoka hadi kwenye nyusi, naye alilisingizia joto. Mlinzi, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama.

"Bibi, unafagia kutoka chini kwenda juu? Uchafu si unakuangukia nyuma?"

"Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu."

Mlinzi alimtazama miguu, akamtazama usoni. Akaendelea na ndoo zake. Matroni alikuwa ameshaanza kuhudumia foleni, akiwa ameridhika.

Juu, dobi alimkalisha mama mkwe kwenye kitanda cha chini, akamvua viatu. Walikumbatiana. Ulikuwa ushindi, na waliufurahia kama watu walioiba embe wakafika nalo nyumbani.

&nbsp;

Siku zikaenda, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, zamu ya ngazi ilibaki ya Upawa, jioni na asubuhi. Asubuhi kila mtu alitakiwa kutoka, na asubuhi mambo yalikuwa na mantiki, kwa kuwa ngazi hufagiliwa kwa kushuka, na taka za jana jioni zilipata kuondolewa. Mchana Upawa alishinda kwenye ua wa kufulia, juu ya furushi lake, akitoa amri kuhusu nguo za watu asiowajua. Jioni walirudi. Wakati wa chakula alishuka na ufagio wake, mkwewe na mwanawe wakala pamoja naye uani, kisha akapanda akifagia tena na kila mtu akaenda upande wake.

Tatizo lilikuwa choo. Ufagio ulirudishwa kwa mlinzi kila zamu ilipokwisha, na bila ufagio Upawa hakuweza kushuka ngazi zile mbele ya watu. Mkwewe angeweza kumshika, lakini kushikwa ndiko hasa kulikokatazwa. Hivyo alitafuta dawa yake mwenyewe, wala hakumwambia mtu. Jua likishafika utosini, hakunywa tena kitu. Chai ya jioni aliimimina kidogokidogo kwenye kikombe cha mkwewe alipogeuka pembeni. Usiku alilala ulimi umemganda kwenye kaakaa, akiwaza maji kama wengine wanavyowaza nyama.

Dobi aligundua kwa midomo. Ilikuwa imepasuka na kufanya ukungu mweupe pembeni, na siku moja Upawa aliposimama kutoka kwenye furushi, ua ulimzunguka akarudi kukaa.

"Mama, mara ya mwisho umekunywa maji lini?"

"Asubuhi nimekunywa."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nimeyatazama."

Jioni, wakati wa kula, dobi alimweleza mumewe. Mpaka rangi alijaza kikombe kwenye bomba, akakileta, akasimama mbele ya mama yake. Watu walikuwa wakila kandokando, wengine wamesimama.

"Kunywa, Mama."

"Umekuwa bwana afya siku hizi?"

"Kunywa. Tukifukuzwa tutafukuzwa."

"Twende wapi?" Upawa aliuliza kwa sauti ya chini, bila mzaha. "Mkeo analala vizuri hapa. Sijamwona akilala vile tangu nyumba ivunjwe. Ondoa maji yako."

Mpaka rangi aliyaondoa. Aliyamwaga pembeni ya ukuta, akaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na alitamani kulia.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Upawa hakumwambia yeyote. Alikuwa anafurahia. Matroni alimpenda. Kila jioni alimwamkia mbele ya watu, akawaambia wasichana waliokuwa wakisinzia, "Tazameni mama yenu huyu, anawashinda." Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amsifu Upawa kwa kazi. Tangu kiharusi, watu walikuwa wakimsifu kwa kumaliza chakula. Sifa zile zilimwingia, akawa anaingia getini kichwa juu, na kusahau, kwa hatua chache, kwamba anadanganya.

Matroni naye hakuwa mtu mbaya, na ni haki lisemwe hilo. Kabla ya sheria yake, mwanamke mmoja mzee na dhaifu aliyelazwa juu kwa siku chache aliteleza kwenye ngazi zilezile akavunjika nyonga, hakuinuka tena. Matroni ndiye aliyembeba, na Matroni ndiye aliyeitwa mbele ya kamati ya makazi na kuulizwa maswali kana kwamba alimsukuma. Tangu hapo akaamua: asiyeweza kupanda asiingie. Hataanguka mtu ambaye hayumo ndani. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila iliishia getini.

&nbsp;

Jioni ile mvua ilikuwa imetishia tangu mchana. Upawa alikuwa amefika ngazi ya nne, mkwewe nyuma yake na mablanketi, foleni ikiwa imeingia hadi katikati ya ua. Mbele ya meza alifika mwanamke ambaye hawakumwona kabla. Alikuwa muuza mboga. Kikapu chake kilikuwa na majani mawili matatu yaliyonyauka. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa kutoka vifundoni hadi magotini, imevimba, na alitembea kwa kujisukuma na kigoda cha mbao: anakitanguliza, anakiegemea, anajivuta.

"Dada, pole," Matroni alisema. "Kwa miguu hiyo huwezi kupanda."

"Nitapanda kwa makalio. Nimeshazoea."

"Hapana. Utaanguka."

"Basi nilale hapa uani. Pale kwenye ukuta."

"Uani halali mtu, ni sheria. Nenda hospitali wakutazame."

"Ndiko ninakotoka." Muuza mboga hakupandisha sauti. Alikuwa ameshayasema maneno haya sehemu nyingine, yalimtoka bila kuyafikiria. "Wamenifunga vitambaa wakaniambia niende nyumbani."

Foleni ilikuwa inasukumana. Tone la kwanza lilianguka, na jingine. Matroni aliumia, ilionekana, na mtu akiumia hutafuta cha kushika. Aligeuka, akamwona Upawa.

"Dada, usinione katili. Mtazame mama yule. Si kijana, wewe ni mdogo kwake. Anapanda mwenyewe, anashuka mwenyewe, na ngazi zote anazifagia yeye. Ni mtu kujikaza tu. Au siyo, Mama?"

Watu wote waligeuka. Muuza mboga naye aliinua macho. Hakumtazama Upawa kwa chuki; afadhali angefanya hivyo. Alimtazama kwa aibu, kama mtu aliyeonyeshwa kwamba maumivu yake ni uvivu.

Upawa alisimama na ufagio wake. Alisikia mkwewe akivuta pumzi nyuma yake. Bila kugeuka alijua yule binti anatikisa kichwa: usiseme, Mama, tafadhali usiseme. Ng'ambo ya ua mwanawe alikuwa kwenye foleni ya wanaume, amesimama wima kabisa. Kitanda cha mkwewe kilikuwa juu pale, na godoro, na mlango unaofungwa. Kilichotakiwa ni kusema "ndiyo" tu, tena hata "ndiyo" haikuhitajika, angeweza kufagia tu akaendelea. Wala asingekuwa na lawama. Nani angemlaumu?

Lakini uso ule wa aibu aliufahamu. Alikuwa nao yeye mwenyewe hospitalini, siku daktari alipomwambia ajikaze.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "nisamehe."

Akaufungua mkono. Ufagio uliangukia ngazi, ukashuka kwa kelele, ngazi moja baada ya nyingine, ukatulia miguuni pa Matroni.

"Sasa niambie nipande," Upawa alisema.

Alijaribu, ili waone. Alinyanyua mguu wa kushoto, na wa kulia ukaanza kutetemeka chini ya gauni, goti likakunjika, akaenda upande ule usio na cha kushika. Dobi alitupa mablanketi akamkamata kiunoni. Alimkalisha kwenye ngazi, akakaa naye, akamshikilia kwa mikono yote miwili. Mtandio ulikuwa umeanguka, na mkono wa kulia, mdogo na uliokunjika, ulionekana na kila mtu.

Matroni aliuokota ufagio. Kwa muda hakujua aufanyie nini.

"Umenidanganya, Mama."

"Nimekudanganya. Na uliponisifu nilifurahi. Hilo ndilo baya zaidi."

"Ungeanguka je? Unajua nini kilinipata alipoanguka yule mzee?"

"Sijui, mwanangu. Pole." Upawa aliisema pole ile kwa moyo, kwa kuwa aliona kidevu cha Matroni kinacheza. "Lakini usimpige mwenzangu kwa fimbo yangu. Mimi sijajikaza. Mimi nilikuwa na ufagio."

Mpaka rangi alikuwa amefika mbio, viatu vimejaa tope. "Mama Matroni, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwa mstari wa chaki."

"Mwongo huyu," mkewe alisema kutoka kwenye ngazi, analia. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema anatembea kunishinda."

"Nyumba nzima!" Matroni alisema. Alimgeukia mlinzi, angalau apate mtu wa upande wake. "Umewasikia hawa?"

Mlinzi alijikuna ndani ya koti lake. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, Mama."

"Wewe!"

"Anafagia kutoka chini kwenda juu. Nani anafagia hivyo?"

Mtu kwenye foleni alicheka, wengine wakafuata. Hakikuwa kicheko cha kejeli. Ni watu waliochoka tu, wamelowa, na kitu kimewachekesha. Hata muuza mboga aliziba mdomo kwa kiganja. Matroni hakucheka. Mvua sasa ilikuwa inanyesha hasa, naye alikuwa amesimama akinyeshewa, ufagio mkononi.

"Nifanye nini?" aliuliza, na ilisikika kwamba anauliza kweli. "Mnataka nifanye nini? Juu ni ngazi. Wanaume siwezi kuwahamisha, wamejaa. Huku chini sina mahali pa kulaza mtu. Chini kuna jiko, kuna ofisi, na stoo ya mablanketi."

Alibaki anautazama mlango wa stoo, pale nyuma ya meza yake, mlango alioufungua kila jioni na kuufunga kila jioni. Ulikuwa mpana. Kizingiti chake hakikuzidi unene wa kidole.

"Mablanketi," alisema tena, kwa sauti ndogo, kama anajisemea.

Akaupapasa mtungo wa funguo kiunoni.

"Kamati wataniuliza," alisema alipokuwa akifungua kitasa. "Jumatatu wataniita, wataniuliza kwa ruhusa ya nani." Hakuonekana kama ana jibu, lakini mlango ulikuwa umefunguka. "Haya! Wenye miguu, njooni hapa. Mablanketi yote yapande juu."

&nbsp;

Yalipanda. Wanawake walijipanga kwenye ngazi kutoka chini hadi juu, wakapokezana mafurushi, na wanaume walioruhusiwa kuvuka ua kwa mara ya kwanza waliyatoa ndani. Upawa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha Matroni, na haikuchukua muda akaanza kuongoza. "Wewe mwenye shati jekundu, mbona unashika furushi kama paka? Likumbatie! Binti, usirundike hapo, watapita wapi?" Miaka yote ya jiko la shule ilimrudia kooni. Watu walimtii, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Stoo ilipokwisha kutolewa ilikuwa chumba cha kawaida tu, chenye dirisha dogo juu na harufu ya sufu. Mpaka rangi alizikagua kuta kwa jicho la kazi, akasema zinahitaji mkono mmoja wa rangi, na kwamba rangi aliyobakiza itatosha. Magodoro matatu yaliingizwa: la Upawa, la mkwewe, na la muuza mboga. Mlinzi alileta ufunguo wa mlango mdogo wa nyuma, ambao ulitokea moja kwa moja kwenye vyoo. Kumbe mlango ulikuwepo siku zote, umezibwa na shehena ya mablanketi.

Muuza mboga aliketi kwenye godoro lake, akaanza kuifungua miguu taratibu, tabaka baada ya tabaka. "Ningesema nami ni mfagiaji," alimwambia Upawa, "nisingefika hata mezani."

"Wewe kigoda chako kina sauti kubwa mno," Upawa alijibu. "Kwa uongo unahitaji kitu laini."

Matroni alisimama mlangoni. Hakuwa amekauka, na hakuwa amesamehe sawasawa. "Ni ya leo tu hii, mpaka nisikie kamati wamesema nini," alisema.

"Tumeelewa, Mama Matroni," dobi alisema.

"Na asubuhi ngazi atafagia mtu mwingine." Akasita. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Lala salama."

Matroni aliondoka. Dobi alikunja mtandio wa mama mkwe akauweka chini ya mto. Alikuwa bado na hasira kidogo, hasira ya mtu aliyeogopa sana, na hakutaka kuificha.

"Tungelala nje leo, Mama. Unajua hilo?"

"Najua."

"Mvuani."

"Najua, mwanangu. Nilikuomba msamaha kabla." Upawa alimtazama. "Mlango wa choo uko wapi?"

"Huo hapo. Hatua chache. Nitakushika."

"Utanishika mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, Mama."

Upawa akaonyesha kwa kidevu kikombe kilichokuwa kando ya godoro. Mkwewe alikwenda kukijaza kwenye bomba, akarudi nacho kimejaa hadi ukingoni, akamshika kisogoni ingawa hakuhitaji. Upawa alikunywa bila kupumzika, maji yakimtiririka kidevuni hadi kwenye kifua cha gauni, mpaka kikombe kikawa kitupu. Alivuta pumzi. Akakinyoosha kile kikombe mbele yake kwa mkono wake mzima.

"Ongeza," alisema.